Nilivyofungiwa matairi makubwa kwenye Land Rover ya jeshi

“Baba, mbona huku kwangu kunatetemeka hivi?”

Mama aliniuliza hivyo tulipokwishaipita Selela, tunakwenda Engaruka kwenye msiba wa shangazi. Nikamjibu kuwa ni barabara tu. Anayeijua njia ya Mto wa Mbu kwenda kule anajua mawe yake na makorongo yake, gari lolote linatetemeka. Nikaendelea kukanyaga mafuta. Kumbe gurudumu la mbele kushoto, pale pale chini ya miguu ya mama yangu, lilikuwa linalegea.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 iliyotumika jeshini, nami ni mtu wa tatu kulimiliki baada ya mnada. Lilinijia na matairi yake ya kijeshi, yale membamba ya saizi 7.50-16, na kila aliyeliona alinambia halijakamilika, niweke matairi ya kiume. Nikashawishika. Nikachukua fedha nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya bati, nikaenda gereji moja hapa Arusha ambayo sitaitaja, nikafungiwa matairi mapana ya saizi 285/75 kwenye rimu pana za mtumba. Fundi alizipiga rangi nyeusi usiku, asubuhi akazifunga. Siku ile nilifurahi sana, nisiseme uongo. Nilikuwa natoka ndani kila baada ya muda kulitazama.

Sasa sikilizeni. Tulipofika kwenye korongo moja nikakata usukani mpaka mwisho ili nilikwepe jiwe. Ikatoka sauti kama mtu anaparuza bati, na usukani ukawa mzito ghafla. Nikasimama. Nyuma yetu kulikuwa na lori, dereva wake mzee akashuka, akapiga magoti mchangani bila kuulizwa. Akaniita. “Kijana wangu, njoo uone.”

Ule mkono wa chuma unaoishika ekseli ya mbele kwenye chasisi ulikuwa unang'aa kama kijiko, tairi limeusugua mpaka rangi yote imeisha. Ubavu wa ndani wa tairi, tairi la siku chache tu, ulikuwa umechanika juu juu kama kidole kilichokwaruzwa. Hilo peke yake ningelivumilia. Mzee akashika nati moja ya gurudumu, akaizungusha kwa vidole viwili. Kwa vidole! Tatu zilikuwa hivyo. Ya nne imebana kidogo. Ya tano haipo kabisa. Matundu ya rimu yalikuwa yameanza kupanuka upande mmoja, hayana tena umbo la duara.

Mzee alinionyesha sababu. Rangi ya yule fundi ilikuwa imejaa hata pale nati inapokaa, nene kama uji. Nati ikikazwa juu ya rangi, inakaza rangi. Gari likitembea na kupata moto, rangi inasagika, nafasi inabaki, nati inalegea. Tuliikwangua kwa kisu tukiwa juani, tukaazima nati moja kutoka gurudumu la nyuma, tukakaza kwa kuruka, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Akanambia nishuke tena baada ya mwendo mfupi nikaze upya, kwa sababu rimu iliyofungwa upya lazima irudiwe. Mbona gereji hawakunambia? Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori, kanga kichwani, haongei. Mazishi tuliyakuta yameshapita.

Niliporudi mjini nikaenda gereji nikiwa bado nina vumbi. Sikutukana. Nilimwonyesha fundi nati mojawapo ya zile zilizolegea, nikamwonyesha ule mkono wa ekseli ulioliwa. Hakuinuka hata kwenye kiti. Akasema: “Bosi, si wewe mwenyewe ulitaka matairi makubwa? Gari ya jeshi haitaki mtu mwoga.” Vijana wake wakacheka. Mimi nimemzika shangazi kwa kusimuliwa, halafu naambiwa mwoga.

Kazi aliyotakiwa kuifanya ni ya dakika chache. Unakata usukani kulia mpaka mwisho, unakata kushoto mpaka mwisho, unachungulia. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna bolti ndogo yenye nati ya kuifungia, inayozuia lisikate kupita kiasi. Unaitoa nje kidogo, basi, tairi haligusi. Mtu mwingine amenifanyia hivyo baadaye na hakunidai kitu. Ila sasa gari linageuka kwa shida, na Land Rover tangu zamani halina sifa ya kugeuka.

Halafu nikapima kwa futi. Tairi jipya limeongeza kimo kama sentimita mbili na nusu, na kwa kuwa nusu yake iko juu ya ekseli, tumbo la gari limepanda sentimita moja na kidogo tu. Upana ndio umeongezeka karibu sentimita saba. Nililipia kimo, nikapewa unene! Na hao wanajeshi hawakuchagua tairi jembamba kwa ubahili: kwenye tope linachana mpaka linaikuta ardhi ngumu, wakati pana linaelea juu na kuteleza.

Nilikuwa nimeamua kuandika kuwa msithubutu, matairi haya hayafai. Lakini lazima niseme na hili. Wakati tunarudi kutoka Engaruka, kwenye mchanga ambao magari mawili yalikuwa yamezama, nilipunguza upepo wa matairi na gari likapita polepole bila kuhangaika, hata mama akasema “ahsante Mungu”. Kwa yale membamba ningechimba. Kwa hiyo matairi sina ugomvi nayo. Au ninao, maana breki nazo sasa nazikanyaga mapema zaidi na mafuta yanaliwa. Ugomvi wangu mkubwa ni na mtu aliyeifunga roho ya mama yangu juu ya rangi mbichi, kisha akakaa kwenye kiti akacheka.

Yale membamba bado ninayo, yako nyuma ya nyumba chini ya turubai. Mtu amekuja mara mbili na bei nzuri, nimemkatalia.