Uzoefu wangu wa huduma ya kuchoma sindano miti ya ashi dhidi ya bungua, Minnesota

Nyumba yetu viungani mwa Saint Paul tuliinunua ikiwa na miti miwili mikubwa ya ashi, mmoja mbele kando ya njia ya gari na mwingine nyuma, karibu na uzio wa jirani. Aliyeishi katika jimbo hili kwa muda anajua kwamba miti hiyo ni mali na ni deni kwa wakati mmoja. Bungua wa kijani wa ashi, mdudu mwenye asili ya Asia ya Mashariki aliyegunduliwa Marekani mwaka 2002 karibu na Detroit, alionekana Saint Paul mwaka 2009, na tangu hapo halmashauri za miji zimekuwa zikikata ashi mtaa baada ya mtaa. Ninayoitathmini hapa ni huduma ya kuchoma mti sindano ya dawa, ambayo nimeilipia kwa mti wa mbele, pamoja na ukataji wa mti wa nyuma ambao kampuni hiyo hiyo ilikataa kuutibu.

Kukataa huko ndiko kulikonifanya niwape kazi. Kampuni niliyoiita kabla yao, ambayo sitaitaja, ilimtuma mtu wa mauzo aliyezungusha utepe kwenye mashina, akaandika bei ya kutibu miti yote miwili, akaondoka bila kuinua macho kutazama kileleni. Mtaalamu wa kampuni ya pili, mwenye cheti cha utunzaji wa miti, alianza na kilele na alitumia darubini, kwa kuwa bungua huyu kwa kawaida huanza kuushambulia mti juu na kuteremka, na mwenye nyumba anayekagua shina tu hukuta mambo yamekwisha kuharibika. Katika mti wa nyuma alinionyesha matawi makavu, mabaka meupe ambapo vigogota walikuwa wamebandua gome wakitafuta mabuu, na vichipukizi vingi vilivyokuwa vikiota ovyo kwenye shina. Kisha akainua kipande cha gome kwa kisu. Chini yake mlikuwa na njia zilizojipinda kama nyoka, zimejaa unga laini wa kahawia, na kwenye gome lenyewe palikuwa na tundu la takriban milimita 3, limenyooka upande mmoja na kupinda upande wa pili kama herufi D. Hapo ndipo mdudu mzima hutokea.

Maelezo yake yalieleweka vizuri kuliko yote niliyokuwa nimeyasikia kabla. Mdudu mzima hula majani kidogo tu. Madhara hufanywa na mabuu, ambao hula tabaka lililo chini ya gome, ndilo linalopitisha chakula, na kuchimba hadi kwenye mbao changa ambamo maji hupanda. Dawa ya sindano husafiri na maji hayo hayo. Mti uliokwisha kukatwa mishipa hauwezi kuipeleka dawa juu hata ukipewa nyingi namna gani, na ndiyo maana wataalamu wengi husita kutibu mti uliopoteza zaidi ya theluthi moja ya majani yake. Wetu wa nyuma ulikuwa umepita nusu. Wa mbele ulikuwa bado umefunga majani vizuri, isipokuwa matawi machache ya juu.

Dawa yenyewe ni emamektini benzoeti, ambayo wakulima wa nyanya nyumbani wanaifahamu kwa kuinyunyizia dhidi ya kantangaze. Hapa hainyunyizwi. Kazi ilifanyika mwanzoni mwa Juni, majani yakiwa yamekwisha kukomaa, na tuliagizwa kuumwagilia mti maji ya kutosha siku iliyotangulia, kwa sababu mti wenye kiu hunywa dawa polepole. Fundi alitoboa matundu kuzunguka shina, chini kabisa linapopanuka kuingia ardhini, na kila alipochomoa keekee aliuchungulia unga wa mbao: mweupe wenye unyevu ni dalili ya mti hai, wa kahawia na mkavu ni dalili ya sehemu iliyokufa, naye husogea pembeni kidogo na kutoboa tena. Kila tundu liligongewa kizibo cha plastiki, sindano ikapenyezwa, dawa ikasukumwa kwa shinikizo la hewa. Vizibo havitolewi, mti huvifunika kwa mbao mpya.

Bei ni dola 12 kwa kila inchi ya kipenyo cha shina, kinachopimwa kwenye urefu wa takriban mita 1.4. Mti wetu una inchi 20, kwa hiyo ni dola 240, na kinga hudumu miaka 2 hivi. Ipo dawa ya bei nafuu ya imidaklopridi, ambayo mwenye nyumba huimwaga mwenyewe kwenye udongo kila mwaka, lakini sikutaka kuigusa kwa sababu tuta letu la sukuma wiki na mchicha liko hatua chache tu kutoka kwenye shina.

Kuukata mti wa nyuma kuligharimu dola 1,850, fedha ambazo zingeutibu wa mbele kwa takriban miaka 15. Ashi iliyokufa hukauka na kuvunjika kirahisi kiasi kwamba wakataji hawapendi kuipanda kwa kamba, na hapa ilibidi waje na gari lenye kikapu cha kunyanyulia watu. Binamu yangu wa Wisconsin aliziomba kuni kwa ajili ya nyama choma, nikamnyima. Karantini ya serikali kuu, iliyozuia kusafirisha kuni na mbao za ashi kutoka maeneo yenye mdudu huyu, iliondolewa Januari 2021, lakini kusafirisha kuni kumechangia sana kumsambaza mdudu huyu, na sioni sababu ya kumpa lifti.

Tangu tuanze matibabu, mti wa mbele umerudisha majani hadi juu na hauna vichipukizi shinani, na vigogota hawaugusi.

Nimewapa nyota nne. Iliyopungua ni kwa sababu mbili: miadi iliahirishwa kutokana na upepo bila mtu yeyote kupiga simu, nami nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, na bei ya kukata haikujumuisha kusaga kisiki, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye makadirio. Walipoulizwa walitaka dola 260 zaidi. Kisiki bado kipo, na anayewaita na aulize habari zake kabla ya kutia saini.