Hosi ya inchi mbili kwenye vani ya kuosha kapeti: uzoefu wangu Nakuru

Nimeitumia hosi hii ya kufyonzea, ya inchi mbili na laini ndani, tangu msimu wa mvua uliopita, na sirudi tena kwa ile ya inchi moja na nusu. Naosha kapeti na viti kwa mashine iliyofungwa ndani ya vani, zaidi Milimani, Section 58 na Lanet, na mara mojamoja nashuka Kisumu kwa kazi za hoteli. Kinachowaudhi wateja wa kazi hii ni maji yanayobaki. Baridi ya Julai ikishika Nakuru, kapeti ambayo haikufyonzwa vizuri inalala na unyevu, asubuhi inanuka, na mteja ana haki ya kulalamika.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Pwani kanieneo la hewa ni karibu inchi 30 za zebaki; hapa kwetu ni kama 24. Blowa, ile pampu ya mashine inayovuta hewa, inazunguka kasi ileile lakini inavuta hewa nyepesi, na injini nayo imepungua nguvu. Kwa hivyo usitegemee mfyonzo ulioandikwa kwenye karatasi ya mashine. Kile kidogo tulicho nacho lazima kifike kwenye kapeti kikiwa kizima, na hapo ndipo hosi inapoingia. Ukitoka inchi moja na nusu kwenda mbili, nafasi ya ndani inaongezeka kwa karibu asilimia 78, na kwa kiasi kilekile cha hewa, hasara ya msuguano inashuka hadi karibu robo. Kwenye ghorofa ya tatu, hosi ikiwa ndefu, tofauti unaisikia mkononi: fimbo ya kufyonzea iliyo mwisho wa hosi inashika kapeti, na maji unayaona yakikimbia kwenye kioo chake.

Lakini usinunue kabla ya kupima. Fundi wangu alisisitiza hili na namshukuru sana. Washa mashine, ziba tundu la hosi pale kwenye tangi la maji machafu, soma geji ya mfyonzo. Ikikataa kupanda kufikia kiwango cha kufungua valvu ya usalama, kuna hewa inaingia mahali, au belti inateleza, au blowa imechoka. Ikipanda vizuri, unganisha hosi kwenye tangi, sasa ziba mwisho wake. Ukiona geji imesoma chini kuliko mwanzo, hosi au viungo vinavuja. Kwangu raba ya kifuniko cha tangi ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma. Raba mpya, filta ya tangi iliyosuguliwa nyuzi zote zikatoka, na tayari mfyonzo ulikuwa umeamka kabla hata hosi mpya haijafungwa.

Ubaya wake upo. Ni nzito, asubuhi ya baridi inakuwa ngumu kukunja, na inakula nafasi kwenye vani. Viungo nilivyouziwa pamoja nayo vilikuwa vinavuja, nilinunua vingine. Fimbo yangu bado ni ya inchi moja na nusu, kwa hivyo nimeacha kipande kifupi chembamba mwishoni ili mkono usichoke. Nimefunga pia mdomo wa tefloni wenye matundu chini ya fimbo: unateleza vizuri na kufyonza sawasawa, ila ukiburuzwa kwenye saruji unaisha haraka.

Wenzangu wa Eldoret, ambako ni juu zaidi ya hapa, wameniuliza kuhusu inchi mbili na nusu. Kwa blowa ndogo kama yangu sitaifunga. Hosi ikipanuka kuliko uwezo wa blowa, hewa inapungua kasi, na mahali hosi inapopanda wima maji hayabebwi tena. Yanarudi chini yalikotoka. Mwenye blowa kubwa aijaribu kwa njia ndefu iliyolala chini, kisha apime kwa geji kama nilivyoeleza.