Saa 14 kichwa juu: uzoefu wangu na wasafirishaji wa farasi

Lori lao ni zuri, hilo nalisema mapema ili nisionekane nina chuki. Sakafu ina mpira, juu yake maranda ya kutosha, matundu ya hewa yapo pande zote mbili, na dereva anashika breki taratibu. Hilo la breki si dogo, maana farasi njia nzima anajisawazisha kwa miguu minne na kila breki ya ghafla inamchosha misuli. Kwa hayo peke yake ningewapa nyota nne.

Ila kamba. Kamba!

Msimu uliopita niliwakabidhi farasi wangu jike kwa safari ya saa 14, mimi nikifuata nyuma kwa gari dogo. Walisimama mara ya kwanza baada ya saa sita hivi. Nikachungulia: amefungwa kamba fupi, shubiri mbili tu, kichwa kimeinuka hawezi kukishusha, na mbele ya pua unaning'inia wavu wa nyasi kavu ambazo hazijaloweshwa. Kila akivuta pumzi anavuta vumbi. Nikamwomba dereva amlegezee. Akanijibu huku akitafuna: "Dada, mimi nimebeba farasi kabla wewe hujawajua. Nikilegeza atamng'ata mwenzake." Na kati ya hao farasi wawili kuna ubao wa kutenganisha unaofika hadi mbele ya pua zao! Angemng'ata nani?

Farasi hapumui kwa mdomo, ni pua tu. Akiwa malishoni kichwa chake kiko chini sehemu kubwa ya siku, na makamasi yanatoka na vumbi na vijidudu. Mfunge kichwa juu kwa saa nyingi, njia hiyo ya kujisafisha inakwama. Bakteria waliokuwa wakikaa kooni bila kumdhuru wanashuka mapafuni na kuanza kuzaliana. Ongeza amonia ya mkojo inayochoma njia ya hewa, ongeza kiu, na hapo umeshaitengeneza homa ya safari. Ikiachwa inakuwa nimonia, kisha maji yanajaa kifuani, na farasi wanakufa kwa hilo.

Kuizuia hakuhitaji kifaa chochote cha ajabu. Simama kila baada ya saa nne, zima injini, mpe dakika 20 hadi 30 kamba ikiwa imelegezwa mpaka pua ifike magotini. Mpe maji, na kama hayapendi ya ugenini, beba ya nyumbani kwake kwenye madumu. Zoa mavi na maranda yaliyolowa. Nyasi ziloweshwe kabla ya kutiwa kwenye wavu. Lori likiwa linatembea, kamba imruhusu kushusha pua chini ya usawa wa bega, lakini isining'inie kiasi cha mguu kuivuka. Na isifungwe moja kwa moja kwenye pete ya chuma: weka kwanza kitanzi cha uzi wa katani, ufunge hapo kwa fundo la kuvuta mara moja, ili farasi akianguka uzi ukatike. Wao walifunga kwenye pete, tena kwa fundo ambalo lingehitaji kisu.

Alishuka akiwa kimya, akagusa nyasi akaziacha. Asubuhi yake themometa ikasoma nyuzi 39.6, wakati kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Hakukohoa hata mara moja, na hapo ndipo wengi hudanganyika: kikohozi huchelewa, homa na kukataa chakula hutangulia. Ndiyo maana baada ya safari ndefu unampima asubuhi na jioni kwa siku tatu angalau, hata kama anaonekana mzima. Daktari wa mifugo alipoweka kipimo kifuani alikuta maji yameshaanza. Zikafuata wiki za antibiotiki.

Ofisini kwao nikajibiwa kwamba farasi "alishuka kwa miguu yake mwenyewe". Mnyama huyu husimama hata akiwa mahututi! Hicho ndicho kipimo chao cha afya?

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba kwa safari fupi ya saa mbili tatu hawana tatizo, watumieni. Nafuta. Gari likiharibika njiani saa tatu zinageuka nane, na dereva ni yuleyule, kamba ni ileile.

Nyota moja ninayowapa ni ya kijana msaidizi. Katika vituo vyote viwili alichota maji bila kutumwa, akashika ndoo juu, karibu na mdomo wa farasi aliyefungwa kichwa juu, mpaka akanywa. Kampuni yenyewe isijihesabie.