Uzoefu wangu: kuweka ndege za jeshi zinazojiendesha zenyewe kwenye FSX (Microsoft Flight Simulator X, gemu la kurusha ndege), hapa hapa Dodoma

Kwa wale wenye haraka, jibu ni hili: inafaa, ni bure, na itakula jioni zako kadhaa. Wengine twende taratibu.

Mi bado niko FSX ile ya 2006, msinicheke. MSFS ya 2020, toleo lililokuja baadaye, inataka nafasi ya GB 150 na kwa bando hizi za kuunga unga siwezi hata kuanza kuishusha, halafu FSX naijua kila kona. Sasa shida yake ni kwamba inakuja na ndege za abiria za mashirika ya kubuni na videge vidogo vya kuzunguka, ila za jeshi hamna kitu. Unapita juu ya Lakenheath kule Uingereza, penye F-15E za Wamarekani, unakuta lami tupu, inaboa kweli.

Ndo nikaingia kwenye mafurushi ya Military AI Works. Hawa jamaa wanatoa bure kabisa, na furushi moja lina vitu vitatu: ndege zenyewe (modeli nyepesi, siyo hizi za kurusha wewe), faili la uwanja lenye maegesho, na ratiba ya safari. Nilianza na la Uingereza na aisee, kukaa tu pembeni ya ranwei unaangalia jeti zinatoka moja moja, zinaongea na mnara, nyingine inarudi inaambiwa izunguke tena kwa sababu ranwei ina mtu, nilisahau kabisa kwamba mi ndo nilitakiwa niruke.

Ila wakuu kuna mtego mmoja lazima niuseme vizuri maana unawatesa wengi. Mafurushi mengi ya zamani yalitengenezwa kwa ajili ya FS2004, toleo lililotangulia FSX, na faili la trafiki (lenye ratiba za ndege) la FS2004 hata likiwa moja tu, ukiliingiza kwenye FSX linazima trafiki yote iliyo kwenye mfumo wa FSX, yaani zile ndege za abiria zote zinapotea na hakuna ujumbe wowote wa kukwambia kwa nini. Dawa yake ni programu ya bure inaitwa AIFP, unalifungua faili unaligeuza kuwa la FSX basi. Fanya hivyo kwa KILA faili, usiruke hata moja, likibaki moja tu umerudi pale pale.

Baada ya hapo nikataka vya nyumbani. JWTZ wana Y-8 za Kichina, dege la mizigo la injini nne, na Y-8 imetokana na An-12 ya Wasovieti, kwa hiyo nikatafuta modeli ya An-12 nikaipiga rangi ya kijivu mwenyewe. Ukiiona kwa mbali huwezi bisha, ukiisogelea utabisha kidogo. Ratiba nikaiandika Dar, Dodoma, Mwanza halafu inarudi.

Na hapa ndo nimejifunza kwamba kwenye hii kazi ndege siyo tatizo, tatizo ni maegesho. Ndege ya kompyuta ikitua inatafuta mahali pa kulala panapoendana na upana wa mabawa yake, ikikosa inafutika hapo hapo baada ya kutua, unabaki unashangaa. An-12 ina mabawa ya mita 38, kwa hiyo duara la maegesho linatakiwa rediasi ya mita 19 kwenda juu, mi nimeweka 20. Nikafungua HTDO (ndo kiwanja cha Dodoma) kwa programu ya kuchora viwanja, ADE (nayo bure), nikachora maegesho mawili ya mizigo ya jeshi mbali kidogo na wanapopaki ndege za abiria, nikayaunganisha na njia ya kutembelea, maana yasipounganishwa ndege itakaa hapo milele haiendi popote. Uwanja mpya wa Msalato usiutafute, kwenye FSX haupo, ni pori tu.

Saa nazo ziangalie. Ratiba inaandikwa kwa saa za Zulu, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo ukitaka dege liondoke saa mbili asubuhi ya hapa unaandika 05:00. Mtu aliyezoea saa za Kiswahili akili inazunguka mara mbili hapo.

Kisichonifurahisha: ndege vita za kompyuta zinaruka kistaarabu mno. Inatoka A inaenda B, inanyooka, inatua, kama daladala ya Nkuhungu inayoenda mjini. Unaweza kuiwekea kwenye ratiba iguse ranwei na kupaa tena, hiyo inasaidia kidogo na mi naipenda sana kwa jeti za mafunzo, lakini usitegemee mambo ya kukimbizana angani wala kujaziana mafuta. Anayetaka vita atafute gemu la vita.

Fremu (picha kwa sekunde) pia zinashuka. FSX ni ya biti 32 na kazi kubwa inaibebesha kiini kimoja cha prosesa, sasa mashine kama yangu, ukiweka trafiki asilimia 100 kwenye kiwanja kikubwa inahema. Mi trafiki ya abiria naachia asilimia 40, na kwenye ratiba ya jeshi kila ndege unaipangia asilimia ya trafiki ambayo ikifikiwa ndo inatokea, kwa hiyo zile ninazozipenda nimezipa namba ndogo ili zitokee hata nikishusha trafiki.

Anayetaka faili langu la HTDO aseme nimtumie, ni dogo sana halimalizi bando. Ila kama una HTDO nyingine umeshaiweka itoe kwanza, mbili zikikaa pamoja zinagongana na utaona ndege zinapaki kwenye majani.