Kipimo cha kamera ya utumbo mpana: chumba nyota tano, majibu nyota moja

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ni ya binafsi, iko hapa Dar es Salaam, na mengi nitakayoyasema yatamfaa hata anayekwenda kwingine. Kwa wenye haraka: chumba cha endoskopi, yaani cha kipimo chenyewe cha kamera, nakipa nyota tano kati ya tano, maelezo ya maandalizi nayapa tatu, na namna walivyoshughulikia majibu ya maabara naipa moja, tena kwa huruma.

Nilikwenda bila kuumwa chochote. Kaka yangu mkubwa aligundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52, baada ya muda mrefu wa kuambiwa ana bawasiri. Kwetu damu kwenye choo ni bawasiri tu: atakwambia jirani, atakwambia muuza duka la dawa, na matangazo ya tiba yake yamebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme. Kaka alikunywa majani, akapaka mafuta, akameza vidonge, na hakuna aliyempima hata kwa kidole. Alipokwisha kufanyiwa upasuaji, daktari wake alituita sisi wadogo zake akatuambia kwamba mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hii aanze kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao ndugu yule, kutegemea kipi kinatangulia. Mimi nilikuwa na 47.

Saratani nyingi za utumbo mpana na za puru, yaani sehemu yake ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa, huanza kama kinyama kidogo kwenye ngozi ya ndani, ambacho madaktari hukiita polipu. Hakiumi, na mara nyingi hakitoi hata damu ya kuonekana. Vingi havigeuki kuwa kitu kibaya, lakini aina iitwayo adenoma inaweza kugeuka, na kwa kawaida huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi. Ndiyo maana kipimo hiki nakipenda kuliko vipimo vingine vyote nilivyowahi kufanyiwa: anayekitafuta kinyama ndiye anayekitoa, saa ileile. Madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walianza kuvikata kwa kamera huko New York mwaka 1969. Kabla ya hapo, kinyama kilichoko juu ya puru kilimaanisha kupasuliwa tumbo.

Sasa maandalizi, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Karatasi niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, imejaa vyakula vya watu wengine: jeli, biskuti za chumvi, sijui nini. Ugali wa dona haukutajwa, maharage hayakutajwa, mchicha haukutajwa. Nilipiga simu, na sista aliyepokea akanieleza vizuri kuliko ile karatasi: siku mbili kabla, achana na dona, kunde, mboga za majani, mapera na chochote chenye mbegu; kula wali mweupe, mayai, samaki, mkate mweupe. Siku ya mwisho ni vinywaji tu, vile unavyoweza kuona upande wa pili wa glasi: chai ya rangi, maji ya dafu, supu iliyochujwa. Rozela na juisi ya zabibu usiguse, maana mabaki yake mekundu yanaweza kudhaniwa damu.

Jambo moja halikuwa kwenye karatasi wala kwenye simu. Wanawake wengi tunameza vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma yaliyomo hufanya choo kiwe cheusi na chenye kunata, kwa hiyo huachwa kama wiki moja kabla. Niliambiwa na rafiki yangu ambaye ni nesi. Wanaotumia dawa za kuyeyusha damu nao wasiziache wala kuendelea nazo kwa uamuzi wao wenyewe, waulize kwanza.

Dawa ya kusafisha tumbo ni unga unaoyeyushwa kwenye maji lita 4, nusu jioni na nusu alfajiri. Miadi yangu ilikuwa saa tano asubuhi, nikaanza nusu ya pili saa kumi na moja alfajiri. Usikubali kuimaliza yote jioni eti upate kulala; utumbo unakuwa msafi zaidi ukigawa, na kinyama kidogo kilichofunikwa na uchafu hakionekani. Ladha ni chumvi iliyochanganywa na kitu kama mafuta. Iweke kwenye friji, inywe kwa mrija, na katikati lamba kipande cha ndimu. Paka mafuta ya mgando mapema, kabla hujaanza kuwaka moto huko nyuma. Jaza ndoo zote pia. Mgao wa maji hauulizi nani ana miadi.

Nilipofika, swali la kwanza la sista halikuwa jina. “Mama, choo cha mwisho kilikuwa na rangi gani?” Nikamwambia njano nyepesi, kimaji kitupu. Akatabasamu, akaandika.

Hapo ndipo huduma ilipopanda. Nilipewa gauni na kaptula ya kutupa yenye uwazi kwa nyuma, nikalazwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, shuka juu. Kwa mwanamke aliyekuja na aibu zake, lile shuka lilikuwa na maana kubwa. Kabla ya sindano nilimuuliza daktari kama atafika mpaka mwanzo kabisa wa utumbo mpana na kama atatoka bila haraka. Nilikuwa nimesoma kwamba wakati wa kurudi nyuma, ambao ndio wa kutazama, haupaswi kupungua dakika 6. Hakununa. Alisema atanipigia picha tundu la kidole tumbo kama ushahidi kwamba amefika, na picha hiyo imo kwenye ripoti yangu hadi leo. Daktari atakayekasirishwa na swali hilo, mimi ningetafuta mwingine.

Sindano ilinipa usingizi mwepesi. Nakumbuka sista akinibonyeza tumbo, nakumbuka kwenye skrini kitanzi cha waya kikikaza shingo ya kitu chekundu, basi. Maumivu hayakufikia yale ya hedhi. Baadaye kwenye chumba cha kupumzika tumbo limejaa hewa waliyopuliza, na sista anapita kitanda hadi kitanda: “Toa tu, mama, usione haya.” Tulitoa.

Walikuta vitatu. Kimoja cha milimita 3 kwenye puru, kingine cha milimita 5 juu kidogo, vyote viwili vikakatwa kwa kitanzi bila kuchomwa. Cha tatu, upande wa kulia, kilikuwa na kikonyo na kilifika milimita 12. Hicho kilikatwa kwa kitanzi cha umeme, kisha wakabana mahali pake kwa klipu ndogo ya chuma inayodondoka yenyewe. Nikaambiwa niitaje klipu hiyo kama nitapelekwa MRI, kile kipimo cha picha cha mashine ya sumaku. Nikaambiwa pia damu inaweza kuchelewa kutoka, hata hadi wiki mbili, kwa hiyo nisipange safari za mbali, na nikipata homa, tumbo gumu au maumivu yanayozidi nirudi mara moja. Utumbo kutoboka hutokea kwa nadra, lakini hutokea, na nilipenda kwamba walilisema kabla sijatia saini.

Bei iulizwe mara tatu: ya kipimo, ya kukata vinyama, na ya maabara. Kwangu zilikuwa bili tatu tofauti, na bima ilitaka kibali kwa mbili kati yake. Hakuna aliyenieleza hilo mapema, ila mhasibu alikuwa muungwana na tukalimaliza.

Nyota moja sasa. Vinyama vyangu viliwekwa kwenye vichupa vitatu, kila kimoja na lebo yake, vikapelekwa patholojia, maabara inayochunguza vinyama. Hilo lilifanywa sawasawa. Kisha kimya. Nilipopiga, kijana wa mapokezi aliniambia, “Mama, majibu yangekuwa mabaya tungekupigia.” Mtu hawezi kuishi na jibu la namna hiyo. Kamera inaonyesha umbo. Aina ya kinyama na kiasi kilichobadilika vinaonekana kwenye darubini. Na tarehe yako ya kurudi inatokana na aina hiyo pamoja na ukubwa na idadi. Bila karatasi ile, mimi nilikuwa nimekatwa vitu visivyo na jina.

Nilikwenda mwenyewe hadi dirishani na sikuondoka mpaka ikachapishwa. Kile cha puru hakikuwa na hatari. Viwili vya juu vilikuwa adenoma, mabadiliko ya seli ya daraja la chini, na kwenye kile kikubwa kingo za mahali kilipokatwa zilikuwa safi. Nikaipeleka kwa daktari, akaisoma mbele yangu na kuandika: kolonoskopi, yaani kipimo hiki hiki, baada ya miaka 3. Nilimuuliza kwa nini si mitano. Akasema kinyama kilichofika milimita 10 au zaidi ndicho kinachovuta tarehe karibu. Ningekuwa na adenoma mbili ndogo tu na bila historia ya kaka, angeweza kuniacha miaka 7 hadi 10. Alishangaa kwamba sikuwa nimepigiwa simu, na nilimwamini, kwa sababu karatasi ilikuwa imekaa kwenye droo ya ofisi nyingine.

Wadogo zangu wameanza kuuliza wakapime wapi. Nawaelekeza hapo hapo kwa ajili ya yule daktari na yule sista, na mimi mwenyewe nitarudi. Ila safari ijayo nitaomba namba ya simu ya maabara kabla sijavaa viatu.