Unga wa funza badala ya dagaa: uzoefu wangu na perege wa Pemba

Wafugaji wenzangu wengi wananiuliza kama huu unga wa funza unaosifiwa siku hizi unafaa kweli. Kwa perege unafaa, ilimradi usiufanye ndio chakula chote. Kwa mwatiko, yule samaki anayefugwa mabwawa ya maji ya chumvi, sikuona haja ya kuutolea pesa. Nimeulishia msimu mzima kwenye mabwawa yangu ya maji baridi, bondeni karibu na Chake Chake, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza tujue tunanunua nini. Ni funza wa nzi chuma, yule nzi mweusi mwembamba ambaye wataalamu humwita Hermetia illucens. Si nzi wa chooni. Akishapevuka huyu hali, wala hatui kwenye sahani ya mtu. Anapandana, anataga mayai yake kwa mamia, anakufa. Anayekula ni funza, naye hula mfululizo kwa wiki mbili hivi, ananenepa, kisha anavunwa, anakaushwa na kusagwa. Niliponunua mimi ni kwa kijana wa Unguja anayewalisha maganda ya matunda, mboga zilizobaki sokoni na machicha ya nazi. Viroba vililetwa kwa meli mpaka bandari ya Mkoani.

Sababu ya kuutafuta ilikuwa dagaa. Mfugaji wa kwetu anayechanganya chakula mwenyewe anategemea unga wa dagaa, na dagaa hana bei ya kutulia. Huvuliwa kwa taa, usiku wa giza; mbalamwezi ikipevuka, vyombo vinakaa pwani na bei inapaa. Masika yakiingia hata akivuliwa hakaushiki. Na tena dagaa wa kuchemsha kwa chumvi ana soko kubwa la Kongo, kwa hivyo ukienda na kiroba chako unasimama foleni moja na mtu anayepakia tani. Yule anayebaki kwa ajili yako ni wa kuvunjikavunjika, ana chumvi, na ameokotwa pamoja na mchanga wa pale alipoanikwa. Mchanga huo unaulipia kwa kilo, na perege hakui kwa mchanga.

Lakini lililoniuma zaidi si bei. Dagaa ndiye kitoweo cha nyumba isiyomudu changu wala jodari. Kumsaga dagaa mwenye protini nzuri hivyo ili nimkuze perege atakayeliwa hotelini, hilo sikulipenda tangu mwanzo. Na si letu peke yetu. Peru, nchi inayoongoza duniani kwa unga wa samaki, mwaka 2023 ilifuta msimu wake wa kwanza wa uvuvi wa dagaa wa huko kwa sababu waliokuwa baharini walikuwa wachanga mno, na bei ya unga wa samaki ikapanda dunia nzima. Anayefuga samaki kwa kutegemea samaki wengine hawezi kujipangia bei yake.

Sasa chakula chenyewe. Unga wa dagaa safi una protini kiasi cha asilimia 60. Unga wa funza aliyekaushwa bila kukamuliwa mafuta una kama 40, na mafuta karibu 30. Akikamuliwa, protini inapanda hadi 55 na zaidi. Mashudu ya soya yana kama 44, pumba za mpunga kama 11. Perege anayekuzwa anataka chakula chenye protini ya asilimia 30 hivi. Mchanganyiko wangu wa zamani, kwa kilo 100, ulikuwa dagaa 30, mashudu ya soya 20, pumba 40, unga wa muhogo 10. Mpya ni dagaa 15, funza 25, soya 20, pumba 30, muhogo 10. Pigeni hesabu, yote miwili inatua kwenye 31.

Sikumwondoa dagaa wote, na hata yule kijana aliyeniuzia alinisisitizia: “Mama, usiwape huu peke yake.” Ni kweli. Mafuta ya funza si kama ya samaki wa baharini. Yale mafuta ya omega-3, ambayo ndiyo faida kubwa ya kula samaki, kwa funza ni haba. Halafu ganda lake gumu halimeng’enywi lote. Majaribio mengi yaliyofanywa kwa perege yanaonyesha kuwa nusu ya unga wa samaki inaweza kutolewa na samaki wakakua vilevile, nami nikakaa kwenye nusu hiyo hiyo.

Nilitenga mabwawa mawili yenye vifaranga wa rika moja, hili mchanganyiko wa zamani, lile mpya. Mwanzoni perege wa lile bwawa la pili walizikaribia tembe za chakula kwa kusita, harufu ni nyengine. Baadaye wakawa wanazigombania ukitia mguu tu ukingoni. Siku ya kuvuta wavu nilipima, na kwa mizani nisingeweza kukwambia huyu kala nini na yule kala nini. Tofauti ilikuwa mfukoni, kwa sababu chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama za kufuga, na huu unga, hata ukijumlisha nauli ya meli, ulinitokea rahisi kuliko dagaa wa mbalamwezi. Dagaa wa giza zuri la kiangazi, akiwa mwingi, anakaribiana nao.

Kilichonisumbua ni mafuta. Mafuta yakizidi, tembe hazishiki. Mimi nasokota kwa mashine ya kusagia nyama, na tembe zilikuwa zinamomonyoka kabla samaki hajazifikia. Dawa yake ni kuupika ule unga wa muhogo uji mzito kwanza, ndipo uchanganye na mengine, kisha uanike juu ya turubali.

Malalamiko yangu makubwa yako kwa muuzaji. Kiroba hakikuandikwa kiwango cha protini wala tarehe ya kusagwa. Mzigo mmoja ulikuja na rangi ya dhahabu na harufu ya karanga zilizokaangwa. Mwengine ukaja mweusi, umeshikana madonge, mafuta yamechacha. Huo niliukataa, na pesa zilirudi baada ya kusukumana sana kwa simu. Hali ya hewa ya visiwani ni ya unyevu, na chakula kilichopata unyevu kinaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu inayoharibu maini ya samaki. Kwa hivyo kifungueni kiroba bandarini, mtie mkono hadi chini, mnuse.

Lipo na suala la wateja. Bi mkubwa mmoja anayenunua kwangu kila wiki alinikabili: “Mwanangu, hawa samaki unawalisha mabuu ya jaani?” Lilikuwa swali la haki, na sikulichukulia kwa kinyongo. Nilimweleza wanalishwa nini, nikamwonesha unga, naye akaenda kumuuliza ustadhi wake. Ustadhi aliuliza lile lile: wanafugwa juu ya nini? Alipoambiwa ni maganda na machicha, hakuona tatizo, na bibi anaendelea kununua. Lakini hii inamaanisha muuzaji lazima awe mkweli. Mtu akifuga funza kwenye kinyesi kisha akatuuzia sisi bila kusema, atakuwa ametuvunjia soko sote.

Kwenye bwawa la mwatiko la kaka yangu, upande wa mikoko, tuliujaribu kidogo tu. Mwatiko chakula chake kikuu ni ule utando wa kijani unaoota chini ya bwawa la maji ya chumvi. Ukilirutubisha bwawa vizuri, ukamtilia na pumba, anakwenda. Kumpa protini ya bei hiyo ni kumlipia asichokidai.

Wanaonishauri mwani waelewe kwamba mwani tunaolima huku una protini ndogo. Unasaidia kushikisha tembe, haushiki nafasi ya dagaa. Mashudu ya nazi ni rahisi kwetu, ila protini yake ni kama 20, kwa hivyo hushindana na pumba.

Ulaya waliruhusu unga wa wadudu kwenye chakula cha samaki wa kufuga mwaka 2017, na huko viroba vinauzwa na maandishi yake. Nasi tunastahili hivyo. Yule kijana nimemwambia nitaendelea kununua kwake kwa masharti mawili: aukamue mafuta kabla ya kusaga, na kila kiroba kiandikwe siku kilipofungwa. La kukamua amelikubali, anatafuta mashine. La tarehe amesema ataanza na mzigo ujao.