Family Link kwenye simu ya mtoto: inachozuia na kinachopenya

Kati ya saa tisa mtoto anapotoka shule na saa kumi na mbili mzazi anaporudi kutoka Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, kinachokaa na mtoto nyumbani ni simu. Kwa saa hizo tatu Family Link, programu ya bure ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, inafaa sana, hata kama mtoto anacheza tu Free Fire, gemu ya mapigano ya mtandaoni. Ila ina mapengo mawili makubwa, na matapeli wanayajua.

Makosa huanzia kwenye kuiweka kwenye simu. Simu ya mtoto mara nyingi ni ile ya zamani ya baba au mama, na Gmail ya mzazi bado imo. Ukiiacha hivyo, unamlinda mtu mzima ambaye hayupo. Hamisha picha, toa akaunti yako, fomati simu, kisha mfungulie mtoto akaunti yake kwa tarehe halisi ya kuzaliwa. Simu yake iwe na Android 7 kwenda juu; yako inaweza kuwa Android au iPhone.

Kwenye ruhusa za kupakua programu, chagua uombwe kibali kwa kila kitu. Ukichagua za kulipia peke yake, Free Fire itapita bila kuuliza kwa kuwa kuipakua ni bure. Toa kibali ukiwa kwenye simu yako. Nywila ya mzazi ikizoea kuandikwa mbele ya mtoto, ataikariri. Kikomo cha muda wa saa 1 kila siku ya shule kinatosha. Muda ukiisha simu hujifunga, lakini ukimpigia atapokea. Kumbuka bando: simu yake ikiwa haina data, kikomo kipya ulichoweka hakimfikii mpaka irudi hewani.

Alama ya umri kwenye Google Play (3, 7, 12, 16, 18) isikupe usingizi. Inapima kilichomo ndani ya gemu, kama damu na matusi. Mtu asiyejulikana anayezungumza na mtoto wako kwenye mchezo hayumo kwenye kipimo hicho.

Hilo ndilo pengo la kwanza: Family Link haioni maongezi ya ndani ya gemu. Fungua orodha ya programu za mtoto, ingia Free Fire, nenda kwenye ruhusa, zima maikrofoni. Hapo hatasikika, ila yeye bado atawasikia wengine, kwa hiyo zima na alama ya spika ndani ya mchezo. Mwache acheze kikosi na wenzake wa mtaani au wa darasani. Mgeni anayesema “tuhamie WhatsApp” ana sababu ya kukimbia mahali ambapo angeweza kuripotiwa.

Pengo la pili ni daimondi, yaani sarafu ya ndani ya gemu inayonunuliwa kwa pesa halisi. Kibali cha mzazi kinafanya kazi pale malipo yanapopita Google Play. Daimondi zinazonunuliwa kwa wakala, kwa kutuma pesa M-Pesa au Airtel Money, hazipiti huko, na Family Link haitakuomba kibali; utaona tu salio limepungua. Kwa hiyo mtoto asijue namba ya siri ya pesa zako, basi. Wakala wa kweli anahitaji ID ya mchezaji, ambayo ni tarakimu tupu. Akiomba nywila au namba ya uthibitisho iliyoingia kwa SMS, anataka akaunti yenyewe. Kurasa za “daimondi za bure” nazo huweka kisanduku cha kuingilia Facebook; ukishaandika nywila, akaunti imeondoka. Na kama mtoto anachezea akaunti ya mgeni (Guest), yaani isiyofungwa kwenye Google wala Facebook, iunganishe mapema na akaunti yake ya Google, maana gemu ikifutwa kabla ya hapo, kila alichokusanya kinapotea nayo.

Ujumbe wa utapeli ukiingia, tuma neno UTAPELI kwenda 15040. Mtu akimtaka mtoto picha au kumtishia, piga picha ya skrini ikionyesha jina na ID yake kwanza, ndipo umzuie. Kisha piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au peleka picha hizo Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu.